Bi Nyamizi na Kompyuta Iliyonguruma Jioni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Nyamizi Mihayo, fundi mkuu wa Redio Msafara hapa Gongoni mjini Tabora, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Cheo hicho cha fundi mkuu kinahitaji maelezo kidogo. Hatujawahi kuwa na fundi mwingine, kwa hiyo Bi Nyamizi alikuwa mkuu wa idara, msaidizi wake na mtu wa zamu, na siku akilala na malaria redio nzima ililala naye.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi Fikiri, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na hapo uongozi ulikosea tangu mwanzo. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, Bi Nyamizi ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Babu zake walikuwa wakipita kwetu na mizigo mabegani kuelekea pwani, babu zangu wamekaa vibarazani wakiwacheka walivyolowa jasho, na utani ulioanza siku hizo tumeurithi sisi bila kupunguza hata chembe. Mtani akikupa sifa lazima akunyang'anye kitu. Basi msomaji asishangae akiona nasifu kwa mkono mmoja na kufinya kwa mkono wa pili.

Bi Nyamizi hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja kulalamika. Wakati huo alikuwa na kibanda chake karibu na stesheni ya reli, akitengeneza redio kaseti na pasi za umeme, ufundi aliofundishwa na mjomba wake. Redio Msafara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa katika chumba kilichokuwa duka la vitenge, na wateja wakaanza kumletea redio zao wakidai zina mvumo. Akazifungua, akazifunga, akazifungua tena, ugonjwa hakuuona. Mwishowe akang'amua kwamba redio zote ni nzima na mgonjwa ni sisi. Akafunga kibanda, akaja kwa miguu mpaka mlangoni kwetu, na kabla hata hajakaribishwa kiti akamwambia meneja wa wakati ule kwamba tunaharibu jina la mafundi wa mji huu. Meneja akampa bisibisi. Mpaka leo hajairudisha.

Mvumo ule ulikuwa unatoka kwenye kompyuta ya studio. Kwenye ofisi nyingine kompyuta ya mezani inaweza kunguruma mchana kutwa na hakuna anayejali, kwa sababu watu wenyewe wananguruma zaidi. Studio ni jambo lingine. Maikrofoni haichagui. Ikisikia feni inaipeleka hewani pamoja na habari za wilaya, na mkulima wa Kigwa aliyewasha redio yake kusikiliza bei ya alizeti anapata bei na feni kwa pamoja. Tangu siku ile Bi Nyamizi na kompyuta yetu wameishi kama mtu na mkwewe, kwa heshima kubwa na kuchunguzana kusikoisha.

Namna yake ya kutafuta kelele tuliiona mara nyingi na hatukuichoka. Kwanza anafukuza watu wote. Anazima feni ya dari, anafunga dirisha, anakaa kitako mbele ya kompyuta na kuitazama tu. Kisha anatoa mwiko. Ndiyo, mwiko wa kusongea ugali, wa mti mgumu, ambao hajasongea nao hata siku moja. Kichwa cha mwiko anakiegemeza kwenye kasha la kompyuta, mpini anaubana sikioni, na anausogeza pole pole kutoka kona hadi kona, macho ameyafumba. Mlio ukizidi mahali, hapo ndipo anapofungua. Feni inayokoroma bushi yake imekauka, anaidondoshea oili ya cherehani. Diski ngumu, au hadi diski kama mafundi wanavyoiita, ikianza kutafuna karanga anaikaza parafujo zake na kuiwekea vipande vya mpira chini. Kasha lenyewe likitetemeka juu ya meza analivalisha viatu, na viatu hivyo ni vipande vya ndala. Ndala za kwanza zilikuwa za Anselm, msoma habari wetu, aliyeziacha chini ya meza ili apumzishe miguu akiwa hewani. Alizitafuta wiki nzima, na wakati wote huo zilikuwa zimebeba kompyuta mbele ya macho yake.

Sasa nifinye. Mwanamke huyu aliyetumia maisha yake kunyamazisha mashine ndiye mtu mwenye kelele kuliko wote katika jengo hili. Akicheka, milango miwili iliyofungwa haimzuii. Kuna siku kicheko chake kiliingia hewani katikati ya tanzia, na marehemu hajamaliza kutajiwa jina la ukoo. Tulimpeleka msibani kuomba radhi, vichwa chini. Bahati yake wafiwa walikuwa Wagogo, watani zake pia, wakasema kicheko kilikuwa haki yake kabisa, ila aliwahi kidogo, angesubiri waanze wao. Alirudi na sahani ya pilau.

Na siwezi kuruka habari ya nta, ingawa ameniomba niiruke.

Ilikuwa Oktoba moja ya joto kali. Hadi diski ilikuwa inatafuna tena na ndala zote za ofisi zilikuwa zimefichwa na wenyewe. Ndugu yake mmoja alikuwa amemletea kutoka Usinge donge la nta, limetolewa mzingani jana yake, halijachujwa wala kuchemshwa. Bi Nyamizi akalibonyeza, akaona ni laini, linanata na halipitishi mtikisiko. Akafinyanga madonge manne madogo, akaikalisha hadi diski juu yake kama bibi juu ya mto. Kimya. Lo, alivyotamba wiki ile. Alisimama mlangoni akiwaambia wapita njia kwamba Ulaya hawajafikia hapo.

Kisha joto likapanda, na kompyuta yenyewe nayo ina joto lake. Nta ikalainika, asali iliyobaki ndani ikaanza kuteremka, na feni ikafanya kazi iliyoumbiwa, yaani kupuliza hewa ya ndani nje. Harufu ya asali ikatoka dirishani ikaenea Gongoni. Nyuki wa Tabora hawahitaji kuandikiwa mwaliko. Walifika Anselm akiwa katikati ya taarifa ya habari ya mchana. Anselm alifundishwa kwamba redio hainyamazi, kwa hiyo alivuta koti mpaka kichwani akaendelea kusoma habari za kikao cha madiwani, na sauti yake ikapanda kidogo kidogo hadi alipofika hali ya hewa akawa anapiga yowe la mvua za vuli. Bi Nyamizi akaingia amejifunika chandarua, mkononi kipande cha gunia kinachofuka moshi, akaibeba kompyuta nzima mpaka uani, na nyuki wakamfuata kwa utaratibu mzuri. Tulikuwa kimya hewani mpaka jioni. Yeye anashikilia hadi leo kwamba nta ilifanya kazi na kosa lilikuwa la nyuki.

Mafanikio yake ni mengi na uongozi umenitaka niyataje, basi nayataja. Alijenga studio ya pili kwa mikono yake. Alizilaza kimya kompyuta za nusu ya maduka ya uchapaji ya mji huu, na vijana aliowafundisha wametawanyika Nzega, Igunga na Kaliua wakiwa na bisibisi na, nasikia, miiko. Jengo lilipovuja alihamisha mitambo yote kabla mvua haijaanza, na sisi wengine tulihamisha chai. Lakini nikiulizwa Bi Nyamizi ni nani, siwezi kujibu kwa hayo. Nitajibu kwa mambo ya mwaka huu, na hapo lazima nimtaje Jenifa.

Jenifa alijiunga nasi mwaka jana kuendesha kipindi cha Jioni Tulivu, kinachoanza jua likizama. Anasoma hadithi fupi wanazotuma wasikilizaji. Ni binti wa Usinge, na sauti yake ni ndogo na laini. Anaongea kama anapita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Shuleni hakuwahi kuchaguliwa kusoma risala. Kwaya ya kanisa ilimweka safu ya nyuma na kumshauri achezeshe midomo tu. Tangu utoto aliambiwa hana sauti, na hapa kwetu kwa mara ya kwanza sauti ile ikapata watu. Kigwa na vijiji vya jirani wazazi walianza kuweka redio karibu na mikeka ya watoto, na watoto wakalala. Jenifa alikuwa akitoka studioni uso unang'aa, hajui aufiche wapi.

Ila kwa sauti ndogo maikrofoni lazima ifunguliwe mpaka mwisho, na ikifunguliwa hivyo inasikia kila kitu, hata tumbo la mgeni.

Bi Nyamizi alimpenda binti huyu siku ya kwanza. Jenifa akimwona anapiga goti kidogo, shikamoo mama, na akienda kwao harudi bila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Basi Desemba Bi Nyamizi akamfumia zawadi: kitambaa cheupe chenye maua ya njano, cha kufunikia kompyuta ya studio isiingie vumbi. Aliyewahi kufika nyumbani kwa Bi Nyamizi hatashangaa. Pale televisheni imefunikwa, friji imefunikwa, redio imefunikwa, mtungi umefunikwa, na rimoti ina cha kwake. Jenifa alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo kila jioni alikitoa kwenye droo, akakitandaza juu ya kompyuta kwa adabu zote, maua mbele, pindo refu likishuka mpaka mgongoni. Kipindi kikiisha alikikunja akakirudisha. Sisi wengine hatukukigusa, maana zawadi ni ya Jenifa.

Msomaji mwenye akili ameshajua. Sisi hatukujua.

Mwaka ulipoanza, kompyuta ikaanza kunguruma jioni. Asubuhi kwangu ni tulivu. Mchana kwa Anselm ni tulivu. Anaingia Jenifa, hadithi inafika pale sungura anapokaribia shimo, na mngurumo unaanza chini chini, unapanda, unamfunika sungura, shimo na Jenifa mwenyewe. Simu zikaanza. Msikilizaji mmoja wa Kigwa aliuliza kwa upole kama siku hizi tunatangazia kwenye mashine ya kusaga. Mwingine akasema watoto wake sasa wanaamka kipindi kikianza. Meneja wetu, Bwana Deus, ni mtu wa haki, lakini ndiye anayepokea simu hizo. Akasema mwezi wa tano ukiisha na kelele haijaisha, kipindi atapewa Anselm, ambaye sauti yake inaishinda hata treni, na Jenifa atakaa mapokezi kuandikisha salamu na matangazo ya vifo. Kununua kompyuta nyingine mwaka huu hakupo. Jenifa aliposikia alisema sawa, akaenda kuandaa hadithi ya siku hiyo.

Bi Nyamizi hakusema sawa. Alitangaza vita, na kwa sauti yake hiyo nadhani hata kituo cha jirani kilijiandaa. Kila asubuhi alifika na blowa, akakuta kompyuta tupu, akaifungua, akapuliza vumbi, akatia oili, akakaza parafujo. Mara nyingine alikuja jioni kipindi hakijaanza. Akakiondoa kwanza kitambaa, akakikunja vizuri, akakilaza kwenye kiti, ndipo akafungua kasha. Kompyuta ikawa kimya kabisa, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari. Alibadilisha feni. Alifuta prosesa na kuipaka pesti mpya ya kupitishia joto. Aliazima pawasapulai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, kwenye duka la uchapaji sokoni, ikanguruma vile vile. Akawa anakaa chini ya meza wakati wa kipindi, mwiko sikioni, Jenifa akisoma juu ya kichwa chake, na akatoka na jibu kwamba mashine ina homa: inapata joto, ndiyo maana feni zinakimbia kwa nguvu zote. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Kwa nini inapata joto jioni tu, hilo ndilo lilimnyima usingizi.

Alishuku umeme, kwa kuwa jioni Gongoni nzima inawasha, akaleta stabilaiza ya kuutuliza. Alishuku ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mimi nilileta programu ya kompyuta inayosifiwa kwa kuondoa kelele kwenye sauti, tukaijaribu, na kweli iliondoa kelele yote, ikamwondoa na Jenifa. Anselm akasema labda binti ana nuksi. Bi Nyamizi alimfukuza na mwiko mpaka nje ya geti, mwanamume mzima na tai yake.

Na kuna siku moja siisahau. Anselm aliacha gazeti lake juu ya kompyuta. Bi Nyamizi akamwita, akamsimamisha mbele yetu, akampa somo refu. Alimweleza kwamba kompyuta hii inapumulia juu na mgongoni, kwamba ukiifunika unaikaba roho, inachemka, inahema, na kelele unazosikia ni za kuomba msaada. Alieleza vizuri sana. Alieleza jioni, kitambaa kikiwa kimetandazwa, na kiwiko chake kikiwa kimekaa juu ya maua ya njano. Mimi nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali. Jenifa naye alikuwepo, akatazama sakafu. Tukadhani ni aibu zake za kawaida.

Ikafika Ijumaa ya mwisho ya Mei. Bwana Deus akabandika tangazo kwamba Jumatatu Jioni Tulivu itaendeshwa na Anselm. Anselm alikuwa ameshaanza kujizoeza sauti ya upole kwenye korido, na alisikika kama mtu anayeomba maji wodini. Alasiri Jenifa akanifuata mezani kwangu, akanisalimia. Kisha akaniuliza kama ni kweli mtani anaweza kumchukulia mtani wake kitu chochote bila kosa. Nikamwambia ni kweli, hata mkeka wa matangani nauchukua na mwenyewe anaukomboa kwa kunilipa. Akauliza, kwa sauti ile ya kumpita mtoto aliyelala, kama jioni ile, kipindi kikiendelea, ningeweza kuchukua kitambaa cha mama. Hakusema sababu na sikuuliza. Mzaramo haombwi mara mbili kumsumbua Mnyamwezi.

Jioni ikaja. Jenifa yuko hewani na hadithi yake ya mwisho. Kompyuta inanguruma. Bi Nyamizi yuko chini ya meza na mwiko wake, anajaribu mara ya mwisho, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaingia peku, nikakivuta kitambaa, nikajifunga kichwani kama bibi harusi, nikaanza kucheza kuizunguka meza, mabega na kiuno, bila sauti hata kidogo, maana maikrofoni iko wazi. Bi Nyamizi akachungulia. Jamani, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya kazi nilimpata mahali ambapo hawezi kupiga kelele. Alinitukana kwa nyusi. Alinitishia kwa mwiko. Akaanza kutambaa kutoka ili anikamate, na katikati ya kutambaa akasita, akatega sikio.

Akarudisha mwiko kwenye kasha. Mngurumo ulikuwa unashuka. Ulishuka pole pole, kama mvua inayohamia mtaa wa pili, na mwisho ukaisha, ikabaki sauti ya Jenifa peke yake chumbani. Bi Nyamizi akaninyooshea mkono nimpe kitambaa. Nikakataa, kwa kuwa lazima kikombolewe kwanza. Akakinyakua kichwani kwangu, akakitandaza mwenyewe juu ya kompyuta, maua mbele, akasubiri. Mngurumo ukaanza kupanda. Akakiondoa, ukashuka. Akarudia tena, kwa sababu fundi haamini mara moja. Halafu akakaa sakafuni, kitambaa mapajani, mdomo wazi, akitazama kazi ya mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yananitoka. Jenifa alisoma mpaka mwisho bila kutuangalia. Msikilizaji wa Kigwa alipiga simu kuuliza kama tumehama jengo.

Maikrofoni ilipofungwa tulingoja kicheko. Hakikuja. Bi Nyamizi alimuuliza Jenifa amejua tangu lini. Jenifa akapiga goti, akajibu kwamba tangu mwezi wa pili. Siku moja alisahau kukitandaza, akasikia utulivu, akaelewa. Kesho yake alikirudisha, kwa sababu mama hupita kuchungulia na angeona zawadi yake imevuliwa. Bi Nyamizi akauliza kama kweli angekubali kupoteza kipindi na kwenda kukaa mapokezi, na yeye astaafu bila kujua. Jenifa akasema ndiyo. Akaongeza kwamba hakuona jinsi ya kumwambia mtu mzima kama yeye kwamba kelele anayoitafuta ameifuma mwenyewe.

Hapo Bi Nyamizi alicheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka kuwa kilio. Nimemtania miaka yote hii na sikuwahi kumwona akilia. Hakufuta machozi. Akaweka kitambaa begani, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Deus, akamwambia kwamba mwenye kelele ni yeye, ushahidi huu hapa, na kama kuna mtu wa kupelekwa mapokezi apelekwe yeye kwa mwezi wake uliobaki. Bwana Deus alicheka mpaka akavua miwani. Tangazo likabanduliwa jioni ile ile. Jenifa akabaki na kipindi chake, na Anselm akarudi kwenye sauti yake aliyozaliwa nayo, tukashukuru sote.

Mambo yangeishia hapo kama Bi Nyamizi angekuwa mtu wa kuishia. Alimtoza Jenifa adhabu: mwezi mzima wa Juni, kila siku kabla ya kipindi, amwambie usoni ukweli mmoja usiopendeza. Siku ya kwanza Jenifa alizunguka ofisi nzima, akaosha vikombe vilivyo safi, na jua lilipokaribia kuzama akasema chai ya mama ina sukari nyingi mno. Bi Nyamizi akanuna, akashukuru. Siku iliyofuata akaambiwa khanga yake iko kichwa chini miguu juu. Kisha kwamba kicheko chake kinapita milangoni. Kisha kwamba habari ya nyuki, mama, kosa lilikuwa la nta. Hiyo ilimuuma, akanywa maji. Binti akanogewa. Alimwambia Bwana Deus vikao vyake ni virefu, na mimi akaniambia vichekesho vyangu vya asubuhi ni vile vile tangu Ramadhani. Sauti bado ni ndogo, ila sasa tukimwona anakuja tunatafuta pa kujificha.

Juzi Ijumaa ilikuwa zamu yake ya mwisho ya jioni na Bi Nyamizi. Tulikaa mlangoni kusikia ukweli wa siku hiyo, tukitegemea kitu kizito. Jenifa akamwambia kwamba hataki aondoke. Akasema anaogopa jioni atakayoingia studioni na kukuta hana wa kumwambia ukweli.

Bi Nyamizi, mwenye jibu la kila kitu, alivuta kiti cha wageni, akakaa karibu na meza, akamwashiria binti aanze. Alikaa pale kipindi kizima. Kompyuta ilikuwa kimya, feni zake hazisikiki hata kwa mwiko. Wasikilizaji waliopiga simu kuuliza ni nani aliyekuwa akivuta makamasi studioni kuanzia hadithi ya kwanza mpaka ya mwisho, jibu ndilo hilo. Jenifa alikuwa anayasikia kwenye spika za masikioni, na mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kupunguza sauti. Hakupunguza.

Mama Nyamizi, Redio Msafara inakushukuru kwa kila kelele uliyotuondolea na kwa zile ulizotuletea mwenyewe. Nenda Kigwa kwenye shamba lako la karanga, ukapate afya, usingizi wa kutosha na majirani wasiochoka kusikia ukicheka. Mungu akupe siku nyingi na nyepesi. Jua likizama, fungua redio. Mwanao atakuwa hewani, na utamsikia kila neno.